Mfupa uliodhoofishwa na mionzi: je, protini za ukuaji zinaweza kuuotesha tena?

Mtu anaweza kumaliza matibabu ya saratani ya ulimi au ya koo, akaambiwa uvimbe umekwisha, akarudi kwenye shughuli zake, kisha baada ya miaka miwili au mitatu akaumwa jino. Jino linang'olewa kama yanavyong'olewa meno ya watu wote. Wiki zinapita, mwezi unapita, shimo halizibi. Ulimi ukipita pale unagusa kitu kigumu kinachokwaruza, na akijitazama kwenye kioo anaona kipande cha mfupa mahali palipotakiwa kuwa na fizi.

Hali hiyo madaktari huiita osteoradionekrosisi, yaani kufa kwa mfupa kunakosababishwa na mionzi. Kwa kawaida jina hilo hutolewa pale mfupa uliopigwa mionzi unapokaa wazi kwa miezi mitatu au zaidi bila kupona, na uchunguzi ukaonyesha kwamba si saratani iliyorudi. Walio wengi kati ya wanaotibiwa kwa mionzi hawaipati kabisa. Lakini anayeipata huteseka: maumivu, harufu mbaya, usaha, chakula kisichotafunika, na wakati mwingine taya huvunjika lenyewe bila kupigwa na kitu.

Mgonjwa akianza kutafuta habari za tatizo hili, haichukui muda kabla hajakutana na habari za protini za ukuaji, dawa inayosemwa kwamba huuamuru mfupa uote upya. Protini hizo zipo, na kazi yake ni ya kweli. Ukurasa huu unaeleza zinafanya nini, kwa nini mfupa uliopigwa mionzi hauziitikii vizuri, na kwa nini mtu aliyewahi kuwa na saratani anatakiwa kuzikaribia kwa tahadhari kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfupa mzima hujitengenezaje?

Tumezoea kuuona mfupa mchinjioni, umekauka, tukadhani ndivyo ulivyo hata mwilini. Mfupa ulio hai una damu, una neva, na una seli za aina mbili zinazofanya kazi usiku na mchana: zinazobomoa sehemu iliyochakaa na zinazojenga mpya. Ukivunjika mkono, damu huganda pale palipovunjika, mishipa midogo ya damu huchipua kuelekea hapo, na seli changa kutoka kwenye uboho na kwenye utando unaofunika mfupa hukusanyika. Zikishafika hugeuka kuwa seli za kujenga. Ndiyo maana mkono uliofungwa plasta huunga baada ya wiki kadhaa.

Seli hizo haziji kwa bahati. Zinaitwa, na sauti inayoziita ni protini za ukuaji. Kuna protini inayoita mishipa ya damu ichipue. Kuna nyingine, inayotoka kwenye chembe sahani za damu, inayofanya seli ziongezeke. Na kuna kundi linalojulikana kwa kifupi kama BMP, ambalo ndilo linaloiambia seli changa: wewe sasa kuwa mjenzi wa mfupa.

Ukitaka kulielewa jambo hili, fikiria nyumba inayojengwa. Protini ni msimamizi anayeita mafundi na kuwagawia kazi. Seli changa ni mafundi wenyewe. Mishipa ya damu ni barabara inayoleta saruji, mchanga na maji. Vikikamilika vyote vitatu, ukuta unapanda. Mfano huu tutaurudia, kwa sababu tatizo la mionzi liko hapo hapo.

Mionzi inaharibu nini

Saratani nyingi za kichwa na shingo hutibiwa kwa mionzi yenye jumla ya grei 60 hadi 70. Grei ni kipimo cha mionzi, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Dozi hiyo hugawanywa katika siku 30 hadi 35, kidogo kidogo, kwa wiki sita au saba. Mashine hulenga uvimbe, lakini taya mara nyingi liko njiani.

Seli za saratani zinazogawanyika haraka hufa. Seli changa za kwenye uboho nazo huumia. Mishipa midogo ya damu hudhurika polepole: kuta zake huvimba, hunenepa, na baada ya miezi au miaka mingine huziba kabisa. Palipokuwa na uboho wenye uhai panajaa kovu. Kwa nje mgonjwa haoni lolote, kwa kuwa mfupa unaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kumsumbua ilimradi hakuna anayeudai kazi ya ziada. Jino likishang'olewa, mfupa unadaiwa kupona, na hauna cha kuponea.

Taya la chini ndilo linaloathirika zaidi kuliko la juu. Mfupa wake ni mzito na mgumu, sehemu kubwa ya damu yake inategemea mshipa mmoja mkuu kila upande, na umefunikwa na fizi nyembamba tu, katikati ya kinywa chenye vijidudu vingi. Isitoshe, mionzi hukausha tezi za mate. Mate yakipungua, meno huoza kwa kasi ya ajabu, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na jino bovu. Kwa hiyo mionzi inayodhoofisha taya ndiyo hiyo hiyo inayomsukuma mgonjwa kwenye kiti cha kung'olea meno.

Hatari huongezeka pale taya linapopata zaidi ya grei 60, na kwa wanaoendelea kuvuta sigara au kutumia tumbaku. Wagonjwa wengi wa tatizo hili hulipata ndani ya miaka mitatu ya kwanza, lakini hatari haiishi. Mtu aliyepigwa mionzi miaka kumi iliyopita bado ni mtu aliyepigwa mionzi.

Protini iliyootesha mfupa ndani ya msuli

Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo linashangaza. Alichukua mifupa, akaiondolea madini kwa kutumia asidi, kisha akaipandikiza ndani ya misuli ya wanyama wa maabara. Msuli hauna kazi ya kutengeneza mfupa. Lakini mfupa mpya uliota humo humo, katikati ya nyama. Ilikuwa wazi kwamba ndani ya mfupa ule uliobaki laini kulikuwa na kitu kinachotoa amri. Urist na wenzake walikihusisha na protini, na ndipo jina la BMP lilipotokea. Mwaka 1988 watafiti wengine wa Marekani walitangaza kwamba wamezipata jeni za protini hizo, na tangu hapo ikawezekana kuzitengeneza kiwandani.

Inayotumika zaidi ni BMP-2. Daktari wa upasuaji hailazi kwenye mshipa kama dripu. Huilowesha kwenye kipande cha sponji ya kolajeni na kukiweka pale anapotaka mfupa uote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha mwaka 2002 kwa upasuaji fulani wa uti wa mgongo, mwaka 2004 kwa baadhi ya mivunjiko ya muundi, na mwaka 2007 kwa kuongeza mfupa wa taya kabla ya kupandikiza meno bandia. Kwa hiyo anayesema protini hizi huotesha mfupa wa taya hasemi uongo. Swali ni taya la nani.

Kumwita fundi ambaye hayupo

Vibali hivyo vilitolewa kwa mifupa ambayo haikupigwa mionzi. Turudi kwenye nyumba yetu. Katika taya lililopigwa mionzi, mafundi wengi hawapo na barabara imezibwa. Unaweza kuleta msimamizi mwenye sauti kubwa kuliko wote, akaita mchana kutwa, wakajibu wachache.

Hivyo ndivyo majaribio kwa wanyama yanavyoonyesha kwa ujumla. Panya na sungura waliopigwa mionzi kisha wakawekewa BMP-2 huweza kuotesha mfupa kuliko wale wasiowekewa, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini mara nyingi mfupa huo huwa pungufu ukilinganisha na wa mnyama ambaye hakupigwa mionzi, na matokeo hutegemea dozi ya mionzi na muda uliopita tangu ipigwe. Kwa sababu hiyo watafiti hawajaribu tena sauti peke yake. Wanajaribu kuichanganya na seli changa zilizochukuliwa kwenye uboho wa nyonga, yaani kuleta mafundi kutoka mtaa mwingine, au na protini na dawa zinazochipusha mishipa ya damu, yaani kufungua barabara kwanza. Kwa maoni yetu huo ndio mwelekeo wenye mantiki zaidi. Bado ni utafiti, hata hivyo, na panya si mtu: taya lake ni dogo na mionzi yake mara nyingi hutolewa kwa mtindo tofauti na wetu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo zito. Protini inayoiambia seli "ongezeka" haina macho ya kuchagua seli njema. Mgonjwa wetu alikuwa na saratani mahali pale pale panapotakiwa kuwekwa dawa. Ikiwa imesalia chembe moja iliyojificha, hakuna daktari anayetaka kuipa chakula. Ndiyo maana maelekezo ya BMP-2 iliyoidhinishwa Marekani yanakataza kuitumia kwa mtu mwenye saratani inayoendelea, na mahali palipo na uvimbe au palipoondolewa uvimbe. Mwaka 2011, FDA ilikataa kuidhinisha aina nyingine yenye dozi kubwa zaidi kwa ajili ya mgongo, na miongoni mwa hofu zilizojadiliwa ilikuwa idadi ya saratani zilizoonekana kwa waliotumia dawa hiyo kwenye jaribio. Uchambuzi mpya wa takwimu uliochapishwa mwaka 2013 haukumaliza ubishi: kama hatari hiyo ipo, inaonekana kuwa ndogo, lakini namba hazikutosha kusema kwa uhakika. Na hao walikuwa wagonjwa wa mgongo.

Tena protini hii huvimbisha. Mwaka 2008 FDA ilitoa onyo baada ya wagonjwa waliowekewa BMP kwenye uti wa shingo kuvimba kooni kiasi cha kushindwa kupumua au kumeza. Kwa mtu ambaye shingo yake tayari imekakamaa kwa mionzi na humeza kwa shida, hilo si onyo la kupuuzwa.

Vipi kuhusu damu ya mgonjwa mwenyewe?

Kuna njia nyepesi inayozidi kuenea katika kliniki za meno. Mgonjwa anatolewa damu kidogo, inazungushwa kwenye mashine, na sehemu yenye chembe sahani nyingi inatengwa. Mojawapo ya njia hizo, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2001, hutoa donge laini kama utando ambalo daktari huliweka kwenye shimo la jino. Donge hilo huachilia protini za ukuaji taratibu, na kwa kuwa ni damu yake mgonjwa, gharama yake ni ndogo kuliko ya dawa ya kiwandani.

Linaweza kusaidia fizi kufunga. Kama linazuia au linaponya mfupa uliokufa kwa mionzi, ushahidi uliopo ni wa makundi madogo ya wagonjwa na haujatosha. Halina nguvu ya BMP-2 na halipaswi kuuzwa kana kwamba ndiyo. Daktari anaweza kulitumia kama nyongeza baada ya kushauriana na waliotibu saratani yako, lakini ukiambiwa kwamba damu yako itaotesha taya jipya, uliza maswali mengi kabla ya kulipa.

Kinachotumika hospitalini sasa

Hatua ya kwanza siku zote ni kuhakikisha kwamba saratani haijarudi. Kidonda kisichopona kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani ya kinywa huchunguzwa kwa picha, na mara nyingi kwa kuchukua kinyama kidogo kwenda kupimwa maabara.

Tatizo likiwa dogo, daktari husafisha, huondoa vipande vilivyolegea, hutoa dawa ya kusukutua na antibiotiki panapokuwa na maambukizi, na husubiri. Baadhi hutumia pentoksifilini pamoja na vitamini E, njia iliyoendelezwa na madaktari wa Ufaransa kwa lengo la kulainisha kovu na kufungua mzunguko wa damu. Taarifa nyingi kuhusu njia hiyo ni za kuridhisha, ingawa majaribio makubwa bado ni machache. Usijinunulie dawa hizi dukani. Pentoksifilini huingiliana na dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa miaka mingi, tangu daktari Robert Marx wa Marekani alipoeleza mwaka 1983 kwamba mfupa huu umekosa oksijeni, mishipa na seli, wagonjwa katika nchi zenye uwezo walikuwa wakiwekwa kwenye vyumba vya oksijeni yenye shinikizo. Wazo lilikuwa zuri. Lakini jaribio la Ufaransa lililochapishwa 2004 lilisimamishwa mapema kwa kuwa waliopewa oksijeni hawakuwa wakiendelea vizuri zaidi, na jaribio la Uingereza la 2019, lililohusu wanaong'olewa meno au kuwekewa meno bandia kwenye taya lililopigwa mionzi, lilikuta takriban watu 6 kati ya 100 wakipata tatizo, wawe wamepewa oksijeni au hawakupewa. Kwa hiyo usihuzunike kwamba chumba hicho hakipo karibu nawe.

Taya likiwa limekufa sehemu kubwa au limevunjika, madaktari hukata sehemu iliyokufa na kuweka mfupa mwembamba wa mguuni, ule ulio kando ya muundi. Huuchukua pamoja na mishipa yake ya damu na kuiunganisha na mishipa ya shingoni kwa darubini. Mgonjwa huendelea kutembea, kwa maana uzito wa mwili hubebwa na muundi. Upasuaji huu, ambao umekuwa ukitumika kwa taya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hufanikiwa kwa sababu ile ile ambayo protini peke yake hukwama: mfupa wa mguuni haukupigwa mionzi, na unakuja na mafundi wake na barabara yake. Ni upasuaji wa saa nyingi na unahitaji timu iliyobobea, hivyo si kila hospitali ya rufaa inaufanya.

Unachoweza kufanya wewe

Kama mionzi bado haijaanza, mwone daktari wa meno kwanza. Meno yasiyookoleka yang'olewe mapema, ikiwezekana wiki mbili hadi tatu kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, ili fizi zifunge. Hili lisiwe sababu ya kuahirisha tiba ya saratani kwa miezi. Madaktari wa pande zote mbili wapange tarehe kwa pamoja.

Kama mionzi imeshapita, linda meno uliyo nayo kama mboni ya jicho. Piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, uliza kama unaweza kupata floraidi yenye nguvu zaidi ya kupaka kila siku, kunywa maji mara kwa mara, acha tumbaku ya aina zote na pombe. Na jino likiuma, usiende moja kwa moja kung'oa. Katika zahanati nyingi kwetu jino linalouma ndilo jino linalong'olewa, na mhudumu wa Kigoma hawezi kujua kwamba ulipigwa mionzi Ocean Road jijini Dar es Salaam usipomwambia. Mwambie kabla hajashika koleo. Jino lililooza linaweza kuzibwa, au kutibiwa mzizi, au kukatwa kichwa na mzizi ukaachwa ndani bila kuusumbua mfupa. Likilazimika kutoka, litolewe na daktari anayejua historia yako. Omba nakala ya taarifa ya mionzi yako inayoonyesha sehemu iliyopigwa na jumla ya grei, na uihifadhi pamoja na kadi zako nyingine.

Rudi hospitali bila kusubiri kliniki ijayo ukiona mfupa kinywani, usaha ukitoka ndani au kupitia ngozi ya shavu, ganzi kwenye mdomo wa chini au kidevu, meno yaliyokuwa imara yakianza kulegea, au kinywa kikizidi kushindwa kufunguka.

Na kama utaombwa kushiriki utafiti wa protini za ukuaji, si lazima ukatae; bila wagonjwa waliokubali, hata tunayoyajua leo yasingejulikana. Uliza kama daktari wa saratani yako ameshirikishwa. Uliza watafuatilia kurudi kwa saratani kwa miaka mingapi. Omba kuona kibali cha kamati ya maadili na cha mamlaka ya dawa, ambayo Tanzania ni TMDA na Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Utapewa fomu ya ridhaa katika lugha unayoielewa, na una haki ya kwenda nayo nyumbani ukaisoma na jamaa zako kabla ya kutia saini. Ukidaiwa fedha ili uwekewe dawa inayofanyiwa majaribio, usilipe wala usisaini. Peleka kwanza fomu hiyo kwa daktari anayekufuatilia saratani.